Baba haulizi, na sisi hatusemi

KONA YA BIBI NESI

Swali

Shikamoo Bibi Nesi,

Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano. Naishi na wazazi hapa Moshi, juu kidogo ya mji, njia ya kwenda Kibosho. Baba ana miaka 71. Alikuwa fundi wa kuezeka. Tangu miaka ya sabini alikuwa na wenzake wakiezeka shule, maghala na nyumba za wafanyakazi kwa yale mabati mazito ya asbesto, wakiyakata kwa msumeno wa mkono. Mama anasema alikuwa akirudi jioni nyusi nyeupe kama mtu aliyetoka mashine ya kusaga.

Mwaka jana alianza kukohoa na kuchomwa ubavu wa kulia. Zahanati moja ikamwanzishia dawa za TB bila kupima makohozi. Alizimeza miezi sita, akazidi kukonda. Tulipompeleka hospitali kubwa wakakuta maji kifuani. Wakayatoa, wakachukua kinyama wakapima, wakasema ni mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka pafu, na kwamba imeshasambaa, hawawezi kuiondoa. Hadi leo ametolewa maji mara tatu.

Aliyeambiwa ni kaka mkubwa, kwenye korido, baba akiwa kwenye kiti cha magurudumu hatua chache tu kutoka pale. Kaka akatuagiza: mzee asijue, atakata tamaa. Kwa hiyo tunamwambia kifua kimeingia baridi. Haulizi. Anatuangalia tu.

Usiku ndiyo shida. Kuanzia saa saba anakabwa, anashika nguzo ya kitanda, macho yanamtoka. Daktari alitupa chupa ya morfini, lakini kaka aliyeko Dar aliposikia alisema kwa simu kwamba itamfanya teja au itamuua haraka, mama akaifungia kabatini. Kaka mwingine anataka tuuze kipande cha kihamba, shamba letu la ukoo, baba apelekwe India. Yule mkubwa anasema tusubiri Desemba tukutane wote. Mama naye haachi kumkumbusha sigara, wakati aliziacha zamani, mimi nikiwa shule ya msingi.

Mimi ndiye ninayelala naye. Nimechoka, nina hasira, halafu naona aibu kwa hiyo hasira. Je, tumwambie? Na ile chupa niifanyeje?

Binti wa Fundi, Moshi

Jibu

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Naanza na chupa, maana la kumwambia linaweza kungoja hadi kesho asubuhi. Chupa haiwezi kungoja usiku wa leo.

Itoe. Nimezunguka vijiji na timu ya tiba shufaa, ile ya kuwapunguzia mateso wagonjwa wasiopona, miaka 19, kwanza kwa miguu na pikipiki, baadaye tukapata gari, na katika miaka yote hiyo sijamwona mzee wa saratani aliyevunja dirisha la jirani ili apate morfini. Teja anatafuta kulewa. Baba yako anatafuta pumzi. Dozi ndogo ya morfini ya kunywa inatuliza maumivu ya ubavu, na inatuliza pia ile hisia ya kukabwa, na ikitumika kama daktari alivyoandika haimharakishi mtu kufa. Kinachommaliza mtu ni kukaa macho mpaka alfajiri, siku baada ya siku, akipigania hewa.

Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, usipime kwa kijiko cha chai, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Andika saa na kiasi kwenye daftari. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, na pengine atasikia kichefuchefu, hayo hupita. Kisichopita ni kufunga choo, kwa hiyo daktari akupe dawa ya kulainisha choo siku ileile ya kuanza. Papai ni zuri lakini peke yake halitoshi. Ukiona amelala usingizi ambao huwezi kumwamsha, au anavuta pumzi chache mno, usimpe dozi inayofuata, piga simu hospitali. Lile kabati lina kazi moja tu halali: kuzuia wajukuu wasiifikie chupa.

Sasa hiyo saa saba ya usiku.

Usimlaze chali. Mketishe ukingoni mwa kitanda, nyayo ziguse sakafu. Mbele yake sogeza meza ya kulia chakula (stuli ni fupi mno, nimeijaribu), weka juu yake mito miwili, ailalie kwa mikono na kichwa kama mwanafunzi aliyesinzia darasani. Fungua dirisha hata kama baridi ya huko kwenu inapiga. Mgongo na miguu vifunike blanketi, uso uache wazi. Halafu mpepee. Feni ndogo ya umeme inafaa, ila umeme wetu unaujua. Pepeo la ukindu halikatiki. Upepo upige shavu na pua, usiupeleke kifuani. Hili si jambo la kubembelezana. Watafiti wamelipima wakaona kwamba upepo usoni hupunguza hisia ya kukosa hewa hata pale ambapo oksijeni ya damu haijabadilika. Ndiyo maana kabla hamjakodi mtungi wa oksijeni, ombeni apimwe kwanza kwa kile kidude cha kubana kidoleni. Kama damu yake ina oksijeni ya kutosha, pesa ya mtungi kanunulieni vitu vingine.

Mfundishe kutoa pumzi taratibu kwa midomo iliyobana, kama anapoza uji wa moto. Wewe shika bega lake upumue vivyo hivyo ili akufuate. Na usimsemeshe. "Baba vipi? Baba unajisikiaje? Baba nikuletee maji?" Kila swali linadai jibu, na jibu linatumia pumzi ambayo hana. Mpangie ishara: kidole kimoja dirisha, viwili dawa.

Jiko la mkaa litoke humo ndani. Wageni waingie wawili wawili, dakika kumi, wasali kwa kifupi. Nimewahi kukuta watu wa jumuiya zaidi ya ishirini kwenye chumba cha mgonjwa, dirisha limefungwa, wimbo wa tatu unaanza, mgonjwa midomo imeanza kubadilika rangi na hakuna aliyemtazama kwa sababu wote wamefumba macho. Waimbe uani. Atawasikia.

Kuna jambo moja la kurudi nalo hospitali bila kuchelewa. Akibanwa ghafla kuliko kawaida yake, yawezekana maji yamejaa tena. Na kwa kuwa ameshatobolewa mara tatu, ulizeni kama wanaweza kumwekea mpira mdogo unaobaki ubavuni, maji yakawa yanatolewa kidogo kidogo, au kuzigandisha pamoja zile tando mbili za pafu, ambazo maji hujaa kati yake, kwa poda ya talki ili maji yakose pa kukaa. Mara nyingine familia haikuambiwa kwa sababu haikuuliza.

Sasa la kumwambia. Hapa nitasema kwa sababu nililikosea mwenyewe.

Mama yangu aliugua saratani ya mapafu tukiwa Machame. Mimi tayari ni nesi, nawafundisha watu jinsi ya kuongea na wagonjwa wao. Nyumbani tukakubaliana wote: aambiwe ni nimonia sugu. Nikawa naingia chumbani na uso wa sikukuu. Mama akawa ananijibu kwa uso uleule. Alipofariki, wazee wakachagua mahali, vijana wakaanza kuchimba. Kaburi limefika kiunoni, akaja kijana aliyekuwa akitukatia majani ya ng'ombe, mtoto wa watu, wala si wa ukoo. Akasimama pembeni ameshika panga lake, akasema kwa aibu: "Lakini Bibi alisema asizikwe upande wa mfereji." Kumbe kwa miezi miwili, kila akileta mzigo wa majani, mama alikuwa akimwita dirishani na kumweleza. Mahali pa kuzikwa. Deni la shilingi elfu arobaini la jirani. Kwamba anatamani kumwona mdogo wake wa Rombo, waliyekuwa hawasemeshani tangu baba yao agawe ng'ombe. Alikuwa anajua yote. Aliogopa kutuumiza sisi, nasi tukaogopa kumuumiza yeye, na mambo yake ya mwisho akayapokea kijana wa majani, kwa kuwa ndiye pekee aliyemsikiliza bila kumkatiza na "utapona tu, Mae". Tulifukia lile shimo tukachimba lingine. Mama mdogo wa Rombo alifika kwenye msiba.

Baba yako alikuwa hatua chache kutoka kwa daktari siku ile. Mwanangu, mabovu ni mapafu yake, si masikio.

Lakini sikuambii uingie chumbani umtamkie. Kuna tofauti kati ya kumwambia na kumuuliza. Mpigie kaka mkubwa kwanza, usimzunguke, mwambie: "Kaka, simwambii kitu. Namuuliza." Kisha chagua asubuhi, ameshapata dozi, ameshakunywa mtori wake mwepesi, hakuna mgeni. Kaa chini kuliko yeye. Uliza: "Baba, wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?" Nyamaza. Kimya kitakuwa kirefu, usikijaze. Akisema, "Sijui, ongeeni na kaka yako," basi amechagua, na mzee ana haki ya kutotaka kujua. Muulize tu kama angependa umuulize tena siku nyingine. Akisema, "Naona hii safari hairudi," usikimbilie kumpinga. Na akikuuliza uso kwa uso, "Nitapona?", usiseme ndiyo. Sema: "Daktari anasema hawawezi kuuondoa, Baba. Maumivu na pumzi wanaweza kuvisaidia. Na sisi tupo hapa." Hayo yanatosha kwa siku moja. Kama anataka kujua zaidi, daktari amweleze mwenyewe, na mumpe nafasi ya kuchagua nani akae naye wakati huo. Asipouliza muda, usimtajie. Wenye ugonjwa huu wengi huishi kama mwaka mmoja hivi tangu ugundulike, wapo wanaopungukiwa na wapo wanaozidisha, na mimi nimekosea kubashiri mara nyingi kuliko nilivyopata.

Atalia? Pengine. Watu wa kazi za juu ya paa hawalii kirahisi. Zaidi nimeona wazee wakivuta pumzi na kusema, "Haya, sasa niitieni fulani."

Hapo ndipo na suala la India linapokaa. Mnataka kuuza kipande cha kihamba ambacho mwenyewe yuko chumba cha pili na hajaulizwa! Hamuwezi kumuuliza, kwa sababu ili mumuulize lazima ajue. Mnaona siri inavyowafunga hadi kwenye mambo ya ardhi. Kabla ya dalali, nendeni kwa daktari wa saratani (hospitali ya rufaa ya KCMC hapo Moshi wana kituo, hamna haja ya kwenda mbali) mumuulize: huko atapata nini ambacho hapa hawezi kupata, na kitamwongezea muda gani wa kukaa barazani kwake? Zipo dawa mbili za kuamsha kinga ya mwili, zinazotolewa pamoja, zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa mesothelioma isiyoweza kupasuliwa. Kwenye majaribio yake ziliongeza miezi kama minne kwa wastani ikilinganishwa na dawa za kawaida, tena kwa watu waliokuwa bado wanatembea na kujihudumia. Kama baba anashindwa kufika chooni bila kupumzika njiani, daktari anaweza kuwaambia kwamba safari ndiyo itakayomchosha kuliko ugonjwa. Sisemi msiende. Nasema msiuze kwanza halafu mkauliza baadaye. Na akiwa na neno kuhusu hicho kihamba, aliandike sasa akiwa na akili zake timamu, mbele ya mashahidi, si siku ambayo mtaanza kutafsiri alivyokuwa akitikisa kichwa.

Desemba sahauni. Najua sisi Wachaga tunarudi kuhesabiwa Krismasi, lakini ugonjwa huu hausubiri mabasi. Waje sasa, mmoja mmoja, kila mmoja siku zake tatu. Na huyo wa Dar mwenye maoni kuhusu chupa aanze yeye: alale chumba kile usiku mmoja, kuanzia saa saba, wewe ukiwa kwa rafiki yako umezima simu. Hakutakuwa na haja ya kubishana naye. Kama kati yao kuna waliokosana na baba, mzee mmoja wa ukoo anajua jinsi ya kupeleka jani la isale, lile la kuombea msamaha. Liende wakati bado ana mkono wa kulipokea.

Sigara. Mwambie mama kwa upole, na mwambie leo: mesothelioma haitokani na tumbaku. Saratani ya kawaida ya mapafu ndiyo inayohusiana sana na sigara. Hii ya utando chanzo chake kikubwa ni vumbi la asbesto, na hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya kulivuta. Tangu mwaka 1960 daktari mmoja wa Afrika Kusini, Wagner, alieleza na wenzake wagonjwa 33, wengi wao wa maeneo ya migodi ya asbesto kule Cape. Baba yako wakati anakata yale mabati hakuna aliyempa hata kitambaa cha pua. Hakujiletea. Alikuwa anawatafutia ada.

Kuna neno lingine hapo, nalisema kwa sauti ya chini kwa kuwa najua mama naye anasoma gazeti hili. Aliyekung'uta na kufua zile nguo alivuta vumbi lilelile. Wengi hawaugui kabisa, asikae na hofu. Ila siku akikohoa kwa muda mrefu au kusikia ubavu unachoma, jambo la kwanza kumwambia daktari liwe zile nguo, asije naye akaanzishiwa TB kwa kukisia.

Kuhusu chakula sina mengi. Ale anachotaka, kidogo, mara nyingi. Akikataa msimlazimishe, uji unaweza kumpalia. Siku za mwisho mwili wenyewe hufunga jiko, hafi kwa njaa; mnamlowesha midomo kwa kitambaa safi, basi. Miguu itapoa, pumzi itakuwa na vituo virefu katikati, huenda koo likatoa sauti ya kukoroma kama maji kwenye mtungi. Inatisha anayesikiliza kuliko anayekoroma. Mgeuzeni ubavu.

Na wewe. Hasira yako ni ya mtu ambaye hajalala, wala si ya mtoto mbaya. Nilipokuwa kwenye timu tulikuwa tukifika nyumba za namna yako, namwacha mwenzangu kwa mgonjwa, mimi naenda jikoni kwa yule anayelala naye, nasonga ugali naye, hatuongei habari za ugonjwa. Ulizeni hospitali mnakotibiwa timu ya tiba shufaa. Hospitali kadhaa za KKKT, Kanisa la Kilutheri, wanayo, na kwa upande wa Arusha Hospitali ya Selian wamefanya kazi hii miaka mingi. Wanakuja nyumbani. Wakija, usiwaandalie chai. Kalale.

Swali

Bibi Nesi, habari za kazi. Babu yetu ana saratani ya mapafu, yuko kwetu Kaloleni, Arusha. Shangazi amemtengea kikombe na sahani, na watoto hawaruhusiwi kuingia chumbani kwake. Inaambukiza kweli? Halafu nyumba yenyewe ina paa la zamani la asbesto, tulibomoe?

Mjukuu

Jibu

Saratani haiambukizi, mjukuu wangu, kwa kikombe, kwa kikohozi wala kwa kulala kitanda kimoja. Shangazi anaichanganya na TB, na simlaumu, kwa kuwa kikohozi ni kilekile. Kama babu hajapimwa makohozi, apimwe mara moja ili shangazi apate jibu la karatasi, maana la mdomo hataliamini. Majibu yakiwa safi, sahani irudi kabatini na nyingine, na watoto waingie. Wazee wanaofunguliwa mlango kwa ncha ya kidole wanalijua hilo hata wakiwa wamegeukia ukutani.

Paa msilibomoe kwa nyundo Jumamosi na vijana wa mtaa. Asbesto iliyotulia haina hatari kubwa; hatari ni vumbi linalotoka ikikatwa, ikitobolewa, ikivunjwa au ikifagiliwa kavu. Kama halivuji wala halijapasuka, liacheni, msilipande wala kulisugua ukungu. Kama limechakaa, waulizeni NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu wa kuliondoa na mahali pa kupeleka taka zake. Vipande vilivyokwisha kuanguka vilowesheni maji kabla ya kuvigusa, vifungeni kwenye nailoni nene, na yule aliyekuwa anapanga kuezekea banda la kuku kwa masalia hayo mwambieni atafute mabati mengine.